Gari Langu la Matope Haliuzwi

Nyuma ya soko la maziwa,
Minjila, Garsen,
Kaunti ya Tana River.
Alhamisi, 22 Mei 2025.

Mpendwa kaka yangu Huka,

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa kambini huko Doha. Vipi mgongo wako? Jirani yetu Barnabas, ambaye mnalala naye jengo moja huko, anatuambia bado unaendesha basi la wafanyakazi zamu mbili kwa siku, na kwamba umepunguza sukari kwenye chai. Hilo la sukari sikuliamini, lakini nimefurahi kulisikia.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama ni mzima, goti tu ndilo linamsumbua wakati huu wa mvua. Mkeo Ifrah na watoto nilikuwa nao juzi. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anang'ang'ania mahindi ya kuchoma. Mto umejaa, ila upande wetu haujavunja kingo. Ng'ombe wako wamenenepa, na yule mweupe mwenye pembe moja amezaa jike.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Nimeamua hivyo makusudi. Kwenye simu unanikata maneno. Nikisema moja wewe umeshasema manne, halafu mtandao unapotea na unabaki ukidhani umeshinda. Barnabas likizo yake imekwisha, anarudi huko Jumanne, na nimemwambia akukabidhi bahasha mkononi na asiondoke mpaka uifungue. Karatasi haina kitufe cha kuizima.

Nakwambia mapema ili usisome kwa kuhemahema: gari langu haliuzwi. Sasa kaa nikueleze.

Naanza na ile video, maana najua ilifika huko kabla ya salamu zetu. Naam, kile kigari kilichovutwa na punda wawili kuingia Minjila siku ya soko ni changu. Na yule mwanamke aliyeshika usukani akitazama mbele kama kiziwi ni mimi. Nilisikia kila neno. Nilisikia wauza miraa wakiuliza kama punda wangu wanatumia petroli au dizeli. Nikasikia na wewe, jioni ile ile, katika ujumbe wako wa sauti wa dakika sita. Dakika sita, Huka! Siku baba alipofariki hukuongea dakika sita.

Wewe uliondoka kabla ya mafuriko yale makubwa, kwa hiyo hujui njia ya kwenda malishoni kwa kina Sadia ilivyo sasa. Sadia binti wa shangazi yetu na wenzake, nyumba saba, wanakamua ng'ombe kule ng'ambo ya mbuga, na mnunuzi hapa Minjila hapokei maziwa baada ya saa sita mchana. Mvua ikinyesha siku mbili tu, ule udongo mweusi unashika pikipiki mpaka kwenye injini. Bodaboda wamekataa kabisa. Wanawake wanatembea na punda tangu alfajiri, na wakifika maziwa yameshaganda. Nimemwona Sadia kwa macho yangu akimwaga mitungi mitatu mtaroni, halafu anageuka kurudi kwa miguu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Ndipo nikauza mitamba yangu. Narudia, yangu, aliyoniachia marehemu mume wangu. Haikuwa ya Mama wala ya ukoo. Nikaenda mpaka Malindi nikanunua hili gari, limetumika, lilikuwa likipeleka watalii mchangani. Watu huku wanaliita bagi. Halina milango. Lina viti viwili ubavu kwa ubavu, bodi fupi nyuma ya kutosha mitungi minane, na matairi yenye meno marefu. Ni gari langu la kwanza maishani, na nina umri wa miaka arobaini na mmoja.

Sikatai, nilikuwa na hofu tangu siku ya kwanza. Mtu akinunua ng'ombe anamshika chuchu, anamtazama meno, anajua anachokipata. Gari unalitazama nalo linakutazama. Kila mlio ulinishtua. Likilia kwi-kwi nilisimama, nikashuka, nikachungulia chini, nisione kitu, nikapanda. Nikajiunga na kikundi cha simu cha wenye magari kama haya, na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Huyu mkanda wake umekatika porini, yule injini imechemka mpaka ikapasuka, mwingine alilitelekeza mtoni. Nikajiuliza kama kuna hata mmoja katika kikundi kile aliyewahi kufika alikokuwa akienda. Nilijitoa siku ya nne.

Sasa sikiliza kilichotokea, na haya ninayokuandikia hujayasikia kwa mtu.

Siku lilipofika nyumbani Mama alitaka kulibariki. Unamjua. Hakuna ndama wa kwanza wa mtamba aliyepita boma letu bila kupakwa samli, kwenye paji, masikioni na puani, apumue baraka. Aliyeyusha samli yake, ile ya kufukizwa, akaja na kibuyu na upawa. Akapaka taa za mbele, hizo ni macho. Akapaka vioo vya pembeni. Kisha akaniuliza, hili linapumulia wapi?

Na mimi, Huka, na akili zangu hizi, nikamwonyesha. Gari hili halina gia kama basi lako. Lina mkanda mpana wa mpira ndani ya kasha, unabana puli mbili, ndio unaozungusha magurudumu. Kasha lile linavuta hewa ya kupoza mkanda kwa bomba, na mdomo wa bomba uko nyuma ya kiti. Nikamwambia, Mama, linapumulia hapa. Akachovya kidole akapaka ukingo wa bomba, nami nikaona ni jambo dogo. Kisha wageni wakafika, nikaenda kuwapokea. Sikujua kwamba nyuma yangu Mama aliona kidole hakitoshi kwa mnyama mkubwa kiasi kile, akatumia upawa.

Kesho yake nikaenda kwa kina Sadia. Kwenda kulikuwa kuzuri mno, nilipita palipowashinda bodaboda wote, nikaimba peke yangu. Kurudi na mzigo, katikati ya mbuga, injini ikalia kwa nguvu na magurudumu yasizunguke. Nikakanyaga mafuta, likalia zaidi. Moshi mweupe ukatoka nyuma ya kiti na harufu ya kuungua. Nilikaa pale mpaka maziwa yakaharibika, na Sadia akaja na punda wake wawili. Yaliyofuata uliyaona kwenye simu yako.

Fundi Ngumbao, yule Mgiriama wa pikipiki karibu na kituo cha mafuta, akafungua kasha, akatoa mkanda ukiwa mweusi umeng'aa, akasema umeungua. Tukaagiza mwingine Mombasa. Akaufunga. Siku ya pili ukateleza tena, hata mbuga sijaifikia, mbele ya msikiti watu wakitoka sala ya Ijumaa. Sitakueleza nilivyojisikia. Ngumbao akatazama ndani akaona mafuta mafuta, akatikisa kichwa: sili ya injini, ile raba ya kuzuia mafuta, imekufa, grisi inavuja kwenye mkanda, dada yangu hapo ni injini nzima kushuka. Nilikaa juu ya tairi nikaona giza.

Na huku mitaani wakaanza la pili. Kwamba gari limekataa baraka. Kwamba kitu kilichobarikiwa leo kikafa kesho kina jambo. Mama alilisikia hilo kisimani. Akaacha kwenda kisimani. Alikuwa anakaa tu mlangoni na tasbihi yake, nikimsalimia ananijibu bila kuniangalia.

Na ni wiki hiyo hiyo, kaka yangu, ulipompigia simu Ami Abdullahi, eti kwa kuwa ni nduguye baba, ukamwambia atafute mnunuzi. Hukunipigia mimi. Ulimpigia Ami, ukamwambia Sabdio ameingia mjini akauziwa kopo, aokolewe kabla hajauza na ng'ombe waliobaki. Nililijua hilo kwa kuambiwa sokoni, na muuza nyanya. Iliniuma, Huka. Iliniuma kuliko punda.

Ami hana ajizi, akampata mtu wa Madogo, Adan, mfanyabiashara wa mifugo, akaahidi kuja Jumamosi na pesa mkononi.

Alhamisi nikaenda kwa Ngumbao nikamwambia afungue tena, mimi nitazame kwa macho yangu. Akanicheka kidogo, akafungua. Ndani ya puli kulikuwa na utando wa manjano uliochanganyika na vumbi la mkanda. Yeye anaona grisi. Mimi nikapitisha kidole nikanusa. Nikaonja. Ngumbao alipiga yowe, akadhani mama wa watu amerukwa na akili. Ilikuwa samli, Huka! Samli ya boma letu, na ule ukali wa moshi wa kibuyu bado umo. Hata ule mkanda mpya haukuwa na kosa, tuliufunga juu ya samli ya zamani.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu kicheko kikaisha ghafla, maana nikaona nilipo. Nikitoka nje nikasema gari ni zima, kilichoharibu ni samli, kesho yake Minjila yote itasema bi kizee ameua gari la bintiye. Mama, ambaye watu wanamletea maharusi wao awapake. Nani angemletea tena? Na mimi ndiye niliyemwonyesha pua. Nikamwapisha Ngumbao asitie neno. Tukaosha puli kwa petroli, kisha maji ya moto na sabuni, mara tatu, tukapangusa bomba mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikaamua wacha waniite mjinga aliyenunua kopo. Mjinga nitaishi.

Jumamosi wakaja. Ami na wazee wawili, na Adan na gari lake kubwa jeupe, amelisimamisha barabarani kwenye lami kwa kuogopa matope. Wakakaa kwenye jamvi. Ami akaniuliza mbele ya wote, gari hili lina ugonjwa gani? Nikasema lilikuwa chafu, nimelisafisha. Wakacheka. Akasema uchafu gani unaozuia magurudumu? Nikakung'uta tope kwenye leso yangu. Akasema basi kama huna la kusema, kakako amesema, na mimi nimesema, gari linakwenda Madogo.

Hapo nikasimama. Naomba radhi kwa kumpandishia Ami sauti, nimeshamwomba na yeye. Nilisema hivi: gari ni langu na funguo ziko mfukoni mwangu. Naenda kwa kina Sadia sasa hivi na ninarudi na mitungi minane kabla ya saa sita. Nikikwama hata mara moja nikavutwa, lichukueni bure, na mnitoze nauli ya punda. Nikirudi, asiniguse mtu.

Najua nilivyosema kwa ukali. Lakini hakika sikuwa nayo. Petroli na sabuni ni maneno ya fundi, na mimi sikuwa nimelijaribu hata hatua mia na mzigo.

Mama akasimama mlangoni na mkongojo wake, akasema nami nakwenda. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Akapanda upande wa kushoto, nikamfunga mkanda wa kiti, akaniuliza kama anafungwa asitoroke.

Tukaondoka. Nilikuwa nasikiliza kasha nyuma ya kiti. Tulivuka mkono wa maji, ukapiga mpaka sakafuni na miguu ya Mama ikalowa, likapita. Tukapakia. Kina Sadia walisimama mstari mmoja, wote wanajua kilichoko njiani. Saa nne na nusu tukageuza.

Pale pale katikati ya mbuga, karibu na liliponifia mara ya kwanza, taa nyekundu ikawaka mbele yangu. Joto la injini.  Nikazima, nikashuka, matope yakanifika magotini. Niliinama nikakuta rejeta imezibwa na udongo kama ukuta wa nyumba. Nikaukwangua kwa kucha, kwa kijiko, kwa ncha ya leso, nikachota maji ya mbuga kwa kifuniko cha mtungi nikamwagia. Jua linapanda. Nilikuwa nalia kwa hasira, nakwambia ukweli, nikikutukana wewe kwa jina.

Mama akasema kutoka kitini, tena taratibu, leo haiungui.

Nikamuuliza nini.

Akasema, samli yangu. Leo haiungui.

Nikaacha kuchota maji. Akaniambia kwamba siku ile punda walipoingiza gari bomani aliisikia harufu kabla hajaliona. Miaka hamsini anapika samli, anaijua ikiungua. Alijua siku ile ile kwamba ni mkono wake. Akangoja nije nimwambie. Alikuwa ameshaandaa majibu, alitaka kunijibu kwamba ni mimi niliyemwonyesha pua. Siku zikapita sikuja, watu wakawa wananicheka mimi, na ndipo akashindwa hata kunitazama. Akasema, mwanangu, ulikuwa unaninyamazia mpaka lini? Nikamwambia, mpaka lini gani Mama, mpaka mwisho. Akanyoosha mkono akanifuta tope shavuni, akanipaka lingine.

Liliwaka, Huka. Nilingoja mpaka injini ikapoa, nikaomba Mungu, nikageuza ufunguo, likawaka. Tuliingia Minjila saa tano na dakika arobaini, na maziwa yanatikisika mabichi.

Wazee walikuwa bado jamvini. Mimi nilitaka kusema, Mama akanitangulia. Alisimama na mkongojo wake, matope mpaka kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni: gari hili halina kosa, mimi ndiye niliyelilisha samli ikaingia tumboni badala ya usoni, na mtoto huyu amebeba kicheko chenu chote ili nisichekwe mimi. Sasa anayetaka kucheka acheke, nipo hapa.

Hakucheka mtu. Ami aliinamisha kichwa akachezea kofia yake. Ni Adan aliyesema wa kwanza, akaomba aruhusiwe kukaa upande wa kushoto azungushwe kidogo, kisha akaniuliza kama yule aliyeniuzia Malindi ana lingine. Nikampa namba. Na jana wameleta bibi harusi kutoka Kipini, Mama ampake. Wamemleta kwa gari langu.

Usidhani nakudanganya kwamba mambo yameisha. Springi ya mbele kushoto inalia na Ngumbao hajui kwa nini. Betri inachoka ikikaa siku tatu. Kila asubuhi naosha rejeta kwanza, ndipo naswaki. Labda litakufa mwaka huu, labda litanizika. Sijui, na hata wewe na basi lako jipya la kampuni hujui. Ninachojua ni kwamba kina Sadia wameuza maziwa siku kumi na mbili mfululizo hawajamwaga hata kikombe, katika mvua hii.

Kwa hiyo sikuandikii kukuomba ruhusa. Ulikuwa na hofu juu yangu, nayo naipokea, maana najua inatoka kwenye mapenzi. Lakini hofu ungeniletea mimi mwenyewe. Wewe uliipeleka kwa wanaume kwenye jamvi, wakakaa kunipimia mali yangu. Nataka uchukue simu umpigie Ami Abdullahi, kwa mdomo ule ule uliotumia kumwambia, umwambie gari ni la Sabdio, na likiharibika ni Sabdio ataulizwa. Si Barnabas amwambie, wala usimtumie Ifrah. Wewe. Ukishafanya hivyo nipigie nami, hata kama ni kunigombeza, nitapokea.

Nisalimie wote wa nyumbani walioko huko. Shangazi anakusalimu, Sadia anakusalimu sana na anasema hakuwapa punda wale jina lako, ni uongo wa watu. Ifrah na watoto wanakungojea Novemba, na Ami pia anakusalimu, ameniambia niandike hivyo mwenyewe. Mama anakuombea dua kila baada ya sala, akikutaja wa kwanza, nami sioni wivu.

Mwenyezi Mungu akulinde katika barabara za watu, akupe riziki ya halali, na akurudishe kwetu ukiwa na mgongo mzima.

Wako akupendaye, hata nikiwa nimekukasirikia,

Dada yako Sabdio,
mwenye gari.